Bia ya tangawizi tamu, chupa salama

Wanaochachusha vinywaji nyumbani hapa Dar huniuliza swali moja karibu kila wiki: sukari nimetia ya kutosha, mbona bia ya tangawizi imetoka kavu, haina utamu, na chachu kama ndimu? Jibu ni hamira. Sukari ya mezani, asali, sukari guru, sukari ya matunda, zote inakula, haibagui. Ukiongeza nyingine kwenye chupa iliyofungwa itakula tena na kutoa gesi isiyo na pa kutokea, chupa inaweza kupasuka. Friji nayo ni ya kuiamini kwa kiasi: baridi huilaza hamira, haiiui. Umeme ukikatika mchana kutwa kwa joto letu la nyuzi 30, inaamka na kuendelea ilipoishia.

Kwa hiyo natenganisha kazi mbili. Kinywaji kikishamaliza kabisa kuchachuka, natia gramu 7 au 8 za sukari kwa lita, kwa mizani, za kuleta gesi tu. Utamu wa mdomoni unatoka kwenye kitu ambacho hamira haikiwezi.

Kwa tangawizi nachagua erithritoli, kiongeza utamu cha unga kisicholiwa na hamira. Utamu wake ni asilimia 60 hadi 70 ya sukari, kwa hiyo panapotaka kijiko kimoja cha sukari weka kimoja na nusu. Huacha ubaridi fulani ulimini, kama wa mnanaa. Ukikutana na ukali wa tangawizi ya Same, mimi naupenda. Kwenye saida, yaani juisi ya tufaa iliyochachushwa, ubaridi huohuo unakaa kama mgeni asiyealikwa.

Stevia, utamu unaotolewa kwenye majani ya mmea, ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, lakini ina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Tangawizi na ndimu huufunika. Tufaa halifuniki chochote. Saida naipa sukralozi, kiongeza utamu cha kiwandani, tamu takriban mara 600 kuliko sukari, inayovumilia asidi na joto vizuri. Aspatame, kingine cha kiwandani, siitumii: huvunjika taratibu kwenye vinywaji vyenye asidi, na joto la Dar linaiharakisha, utamu ukapungua chupa ikiwa bado kabatini.

Sasa geuza pakiti usome nyuma. Vile vipakiti vya kutia kwenye chai vilivyoandikwa stevia au sukralozi mara nyingi vimejazwa dekstrozi, na dekstrozi ni glukosi, chakula halisi cha hamira. Umekwepa sukari mlangoni, imeingia dirishani. Tafuta stevia au sukralozi ya maji isiyo na sukari yoyote, au unga usiochanganywa.

Kiasi usikisie kwa ndoo nzima. Mimina glasi moja, ipoze kwenye friji, koroga kidogo kidogo huku ukiandika gramu, kisha zidisha kwa idadi ya glasi zilizomo ndooni. Onja ikiwa baridi kama utakavyoinywa, maana baridi hupunguza utamu, na gesi itakayokuja itaongeza uchachu. Chupa moja kati ya zote iwe ya plastiki ya soda: ukiibinya ikawa ngumu, gesi imetosha, peleka zote kwenye friji.

Laktozi, sukari ya maziwa, hamira haiili, ila matumbo ya watu wazima wengi hapa kwetu hayaiwezi pia. Zailitoli, kiongeza utamu kingine, ni tamu sawa na sukari, lakini hata kidogo ni sumu kwa mbwa. Mwenye mbwa uani aiache dukani.