Pikapu ya gita si maiki

Pikapu ya gita la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, ikawekwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo ndani ya waya, kwa kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo hupita kwenye vitufe vya volyumu na toni, kisha huenda kwenye amplifaya. Maana ya pikapu ni hiyo tu, wala sioni sababu ya kuirefusha. Kilichonifanya nishike kalamu ni neno "maiki", ambalo siku hizi kila anayekuja kuagiza gita la kutengenezewa hulitumia mahali pa pikapu, na ambalo humfanya achague kitu asichokihitaji.

Wa mwisho alikuwa kijana mpigaji wa solo, aliyefika na ubao mzuri wa mninga aliourithi kwa babu yake. Aliugonga kwa kidole, akaniambia nisikilize unavyolia, kisha akasema, "Fundi, nataka maiki itakayousikia huu mninga vizuri." Nilimjibu kwamba ninazo pikapu za namna nyingi, lakini sina hata moja yenye masikio. Hakucheka. Alichukua gita lililokuwa mezani, ambalo lilikuwa limeunganishwa kwenye amplifaya, akafungulia wimbo katika simu yake na kuiweka juu ya pikapu ya shingoni, ile iliyo karibu na shingo ya gita. Wimbo ukatoka kwenye spika, mwembamba lakini unaosikika. Akanitazama kama wakili aliyekwishashinda kesi.

Nilimwomba azime simu, ainamie pikapu ileile na kuimba mwenyewe. Aliimba, tena kwa sauti nzuri, na amplifaya ikanyamaza. Ndani ya spika ya simu mna sumaku na koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, na koili hiyo inapopitisha umeme wa wimbo hutoa uga wa sumaku unaopanda na kushuka pamoja na muziki. Pikapu iliunasa uga huo bila kuhusika na hewa wala sauti. Koo la binadamu halina sumaku, kwa hiyo pikapu iliyotengenezwa vizuri haina cha kupokea humo. Ungefunga nyuzi za nailoni kwenye gita hilohilo, ungezipiga mpaka vidole viote sugu na amplifaya isingesema neno, ilhali maiki iliyosimamishwa mbele yake ingezisikia bila taabu.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Tunayo maneno mawili, kipaza sauti na kinasa sauti, na yote mawili tumeyatumia kwa ulegevu. Kipaza sauti ni maiki kwa mmoja na ni spika kwa mwingine. Kinasa sauti kwa wengi ni mashine ya kurekodi, lakini nimekikuta pia kikiandikwa kuwa ndiyo Kiswahili cha pikapu. Kitenzi chenyewe, kunasa, ni kizuri sana, kwa kuwa kinaleta picha ya ulimbo na ndege, na pikapu kweli hunasa kitu. Tatizo ni hilo neno la pili, "sauti". Kinachonaswa ni mwendo wa chuma, na sauti huja kuzaliwa mwishoni, kwenye spika ya amplifaya. Kama ni lazima tuwe na jina la Kiswahili, "kinasa mtetemo" lingekaribia ukweli, ingawa sidhani kama kuna mpigaji atakayelitumia jukwaani.

Neno la Kiingereza lenyewe, "pickup", lina historia ambayo ingetuepusha na mkanganyiko huu. Kabla ya kuingia kwenye magita lilikuwa likitumika kwenye gramafoni za umeme, kwa kile kichwa kilichoshika sindano juu ya santuri. Sindano ilifuata mfereji, ikatikisika, na kichwa kikaugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Kazi yake ilikuwa kuokota kilichokwisha kuchorwa, na ndiyo maana kikaitwa kiokotaji. George Beauchamp wa Los Angeles, aliyekuwa akitafuta namna ya kulifanya gita la Kihawaii lisikike katikati ya bendi, alianza majaribio yake kwa pikapu ya gramafoni kabla ya kubuni yake yenye sumaku za umbo la kwato la farasi. Gita lililotokana na kazi hiyo, lililopewa jina la utani la kikaango kwa sababu ya umbo lake, lilitolewa na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ikakubaliwa mwaka 1937. Jina lilihama pamoja na kazi: kilichookota mwendo wa sindano sasa kikaokota mwendo wa uzi. Kwamba Waswahili tuliipokea pikapu kwanza kama gari la kubebea mizigo ni ajali ya historia, nami sina ugomvi nayo, kwa maana gari nalo huokota.

Ukishaelewa hivyo, maswali ya kuchagua hubadilika. Mtu anayedhani ni maiki huuliza ipi inasikia zaidi, na jibu hulitafuta kwenye namba ya ohm, kana kwamba ni kipimo cha usikivu. Ohm ni kipimo cha ukinzani wa waya tu. Pikapu nyingi za koili moja za mtindo wa Stratocaster, gita maarufu la kampuni ya Fender, hutumia waya namba 42, wenye wembamba wa unywele, unaozungushwa mara 7,000 hadi 8,000 hivi, na kipimo chake hukaribia kilo-ohm 6. Ukibadilisha waya tu, ukatumia namba 43 ambao ni mwembamba zaidi, na mizunguko ikabaki ileile, namba ya ohm hupanda bila pikapu kupata nguvu yoyote ya ziada. Ukiongeza mizunguko, nguvu huongezeka kweli, lakini sauti za juu hupungua, na mpigaji wa solo anayetaka nyuzi zake zing'ae juu ya ridhimu na besi hujikuta amenunua ukungu.

Mvumo nao ni ushahidi uleule. Transfoma iliyotulia ukutani hamna anayeisikia chumbani, lakini pikapu ya koili moja huipokea na kuivumisha kwenye amplifaya. Kwetu umeme wa gridi ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo huo huangukia karibu kabisa na noti ya sol ya chini, yenye hezi 49, jambo linaloudhi hasa wimbo ukiwa katika sol. Seth Lover wa kampuni ya magita ya Gibson aliomba hataza ya dawa yake mwaka 1955: koili mbili zilizopishanishwa mzunguko na ncha za sumaku, ambapo mvumo wa koili moja hufuta wa nyenzake huku mtetemo wa uzi ukijumlishwa. Pikapu hiyo huitwa hambaka, na jina hilo lina maana hiyohiyo, yaani kinachoukabili mvumo na kuupinga. Halina maana ya pikapu kubwa wala ya pikapu ya roki, na zipo hambaka nyembamba zinazoingia kwenye nafasi ya koili moja.

Iko hali moja ambayo pikapu huwa maiki kweli, na mafundi huihesabu kuwa ni ugonjwa. Waya ukilegea kwenye koili, au kifuniko cha chuma kikacheza, sauti kubwa ya spika huvitikisa, mtikisiko huo hugeuka umeme, na gita huanza kupiga mluzi usiozuilika. Ukigonga kifuniko kwa kucha, utausikia mlio wa ugongaji huo kwenye spika. Dawa ni kuichovya pikapu katika mchanganyiko wa moto wa parafini na nta ya nyuki mpaka mapovu yaishe, ili hata waya mmoja usibaki na nafasi ya kucheza. Wapo wanaopenda kiasi kidogo cha ugonjwa huo na husema kwamba huipa sauti uhai. Siwabishii, mradi wanajua wanachoomba.

Yule kijana nilimwambia kwamba mninga wake haujapotea bure. Mwili na shingo vinaweza kubadili namna uzi unavyotetemeka na muda unaodumu, na pikapu hupokea hicho kilichofika kwenye uzi. Nilichohitaji kutoka kwake kilikuwa unene wa nyuzi, mahali mkono wake wa kulia unapokaa, na amplifaya anayotumia. Alijibu yote, akaongeza kwamba hupiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gita. Tukakubaliana koili moja ya mizunguko ya wastani shingoni na hambaka darajani, ambako nyuzi hutikisika kidogo. Nilimwandikia kwenye karatasi ya oda "pikapu mbili". Alisoma, akataka kujua kama sikusahau maiki. Nilimwambia atainunua dukani kwa ajili ya kuimbia, kwa kuwa sauti anayo.