Zanzibar haimfungi jela mwanamke kwa kuzaa bila ndoa

Ujumbe huu hurudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp, Unguja na Pemba: msichana akishika mimba bila kuolewa, hospitali inapeleka jina lake polisi na kifungo chake ni miaka 2.

Kifungo hicho kilikuwepo kweli. Kiliwekwa na sheria ya mwaka 1985 iliyohusu wari, wajane na wanawake walioachwa. Wanawake wanaharakati na wanasheria wa hapa Visiwani waliipinga kwa miaka mingi, na hoja yao ilikuwa nzito: tumbo la mama halifichiki, baba anakana na kwenda zake. Mwaka 2005 ikapitishwa Sheria Namba 4 iliyoifuta ile ya zamani na kuondoa jela.

Utata unaeleweka. Miaka 20 ni mingi, na wazee wanakumbuka waliofungwa. Tena wengi wetu huchanganya hukumu ya dini juu ya zinaa na kesi ya mahakamani.

Ukiletewa ujumbe kama huo, muulize aliyeutuma: sheria ipi, namba ngapi, ya mwaka gani? Kisha ipeleke kwa watoa msaada wa kisheria wakuoneshe kifungu.

Kinachoniuma ni binti anayeusoma akiwa na mimba changa, akaogopa kliniki, akakosa vipimo na chanjo. Tafadhali usiusambaze. Mwambie aende kliniki mapema, na kwamba matunzo ya mtoto yanaweza kudaiwa kwa baba kisheria.