"Zisizohesabika" haina maana ya vitu visivyohesabika

Wengi hukariri kwamba nomino isiyohesabika ya Kiingereza hutaja kitu kisichoweza kuhesabiwa: maji, mchanga, hewa. Haya, viti sita na meza moja sebuleni je? Utavihesabu kwa kidole, lakini "furniture" (samani) haipokei "a" wala "-s". Kimoja ni "a piece of furniture". Maharage ni "beans", wingi kamili, ilhali mchele, nao una punje, ni "rice" tu. Kinachoamua ni tabia ya neno kwenye sentensi. Tena neno lilelile huhama kundi: "coffee" ni kahawa kwa jumla, lakini mgahawani "two coffees" ni vikombe viwili. Makosa ya "informations" (taarifa) na "advices" (ushauri), maneno yasiyopokea "-s", ndiyo huwaponza hata wenye shahada. Ukiwa na shaka, kamusi nyingi za wanafunzi huweka C ("countable", inayohesabika) au U ("uncountable", isiyohesabika) kando ya nomino.