Nywele na utosi wa mtoto mchanga: maswali yanayorudi kliniki

Mtoto amezaliwa na nywele laini, zimelala. Zitabaki hivyo?

Mara nyingi hapana. Nywele za kuzaliwa hupukutika ndani ya miezi 6 ya mwanzo, zaidi kisogoni anapolalia. Kipilipili huja polepole. Hakuna mafuta ya kukiharakisha wala kukizuia, hata muuzaji akiapa.

Nimwoshe kichwa mara ngapi?

Kumwogesha mara ya kwanza kusubiri angalau saa 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo, nywele zioshwe mara 1 au 2 kwa wiki. Mfunge mwili kwa taulo, kichwa tu kibaki nje. Tumia maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, sabuni kidogo isiyo na manukato, na ncha za vidole, si kucha. Kausha mpaka kwenye mizizi ndipo umvike kofia. Juni na Julai, iwe Kibosho kule Moshi au Sakina hapa Arusha, kofia juu ya nywele mbichi inampoza mtoto. Chana zikiwa na unyevu kidogo, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani.

Ana magamba ya manjano kichwani. Ni uchafu?

Si uchafu, hayaambukizi, na huisha yenyewe. Paka mafuta ya mgando kidogo, ngoja dakika 15, sugua taratibu kwa brashi laini, kisha osha mafuta yote yatoke. Usibandue. Yakitoa majimaji au usaha, mlete.

Bibi yake anasema utosi umebonyea, tupake dawa.

Hapana. Utosi ni nafasi kati ya mifupa ya fuvu, na ule wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kudundadunda kwake ni mapigo ya moyo, msihangaike. Ila ukibonyea kwa mtoto anayeharisha, anayetapika au asiyenyonya vizuri, maji yamepungua mwilini. Ukipaka kitu kichwani, maji hayaongezeki hata tone.

Ni majani na mafuta tu, hanywi. Yana ubaya gani?

Yanakula muda. Tunaletewa watoto siku ya tatu: majani yamekaukia utosini, macho yameingia ndani, mdomo mkavu, nepi haijalowa tangu jana. Na jivu au masizi juu ya ngozi ile changa huleta vidonda.

Basi tupake leo, kesho tukiona bado ndiyo tuje?

Hapana. Mpelekeni leo, na shikamoo nyingi kwa bibi. Njiani mnyonyeshe kila anapotaka. Chini ya miezi 6 msimpe maji ya glukosi wala dawa ya tumbo ya dukani. Anzieni zahanati ya karibu. Ikibidi watawapa rufaa kwenda hospitali kubwa: Mawenzi au KCMC za Moshi, au Mount Meru ya Arusha. Na utosi uliovimba ilhali mtoto ametulia, halii, hasa akiwa na homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, anatapika au ana degedege, msingoje kupambazuke.

Tumnyoe zije nene?

Kunyoa hakunenepeshi nywele. Kama ni akika au mila ya ukoo, nyoeni, ila kwa wembe mpya wa kwake peke yake na mkono mwepesi juu ya utosi. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa huambukiza mapunye. Kusuka na kubana kwa rababendi kusubiri kwanza. Nywele changa hung'oka na mizizi yake.