Je, wajua? Pipa limekauka tangu Januari, mbu wa dengue wanatoka wapi masika yakianza?

Uliza mtaani Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, mbu wanatoka wapi, utaoneshwa mtaro. Na hoja ina nguvu zake: mtaro unanuka, maji yake meusi, na usiku mbu wanalia masikioni hadi alfajiri. Ndiyo maana dengue ikitangazwa jijini, kazi ya kwanza huwa kuzibua mitaro na kufyeka majani. Shughuli ikiisha watu hunawa mikono kwa maji ya pipa lililoko uani, na hakuna anayelitilia shaka hilo pipa.

Mtaro una makosa yake, ila si haya. Mbu wa mitaroni na vyooni ni Culex, ndiye anayetunyima usingizi na ndiye mwenye mkono katika matende na mabusha ya Pwani. Wa malaria ni Anopheles. Dengue huenezwa hasa na Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye vidoa vyeupe miguuni, anayeuma mchana, zaidi asubuhi kukishakucha na tena jioni kabla ya giza. Huyu hutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia, na hupendelea maji ambayo wewe mwenyewe usingesita kuyafulia nguo: ya pipa, ya ndoo isiyofunikwa, ya sahani iliyo chini ya chungu cha maua, ya kifuu cha dafu, ya mfuniko wa simtanki uliobonyea ukadaka mvua. Ziko nchi ambako amekutwa hata kwenye mashimo ya majitaka, kwa hiyo siapi kwamba maji machafu hayagusi kamwe. Lakini ukiwa na saa moja tu ya kumsaka Dar es Salaam, usiipoteze mtaroni.

Anza kwa fundi pancha. Karai lake la kutafutia tundu la tyubu halikauki, na nyuma ya benchi kuna rundo la matairi chakavu. Tairi ni chombo cha ajabu: ulilaze, ulisimamishe, maji yatabaki tumboni mwake, kivulini, na hata ukiliinamisha namna gani hayatoki yote.

Kosa la pili ni gumu kuling'oa kuliko la kwanza, kwa sababu linafanana na ushauri mzuri. Tunaambiwa tumwage maji yaliyotuama. Tunamwaga, pipa linakauka kabisa, tunahesabu kazi imekwisha. Viluwiluwi waliokuwamo ni kweli wamekufa. Mayai, hapana. Aedes jike hayaachi juu ya maji. Hutua kwenye ukuta wa chombo na kuyabandika penye unyevunyevu, juu kidogo ya usawa wa maji. Kwa mkupuo mmoja anaweza kutaga mayai mia hivi, na mara nyingi huyagawa, machache humu, machache mle, hivyo pipa moja likipinduliwa uzao wake hauishi. Yai halifiki milimita moja, ni jeusi, na ndani ya pipa la bluu utadhani ni uchafu tu. Ukimwaga maji, yenyewe yanabaki yamegandia palepale.

Yai likitoka tu huwa jeupe na laini, na likikauka saa hizo za mwanzo hunywea likafa. Kinachokuja kuliokoa ni utando unaojengwa ndani ya ganda. Katika joto la nyuzi 28, ambalo kwa Dar ni hali ya kawaida, utando huo huwa tayari saa 11 hadi 13 baada ya yai kutagwa. Kuanzia hapo unyevu wa ndani hautoki ovyo. Siku mbili tatu zikipita, kiluwiluwi kimeshakamilika humo, na kikikosa maji hakitoki. Kinatulia, kinaishi kwa akiba ndogo ya mafuta, kinangoja. Kinaweza kungoja miezi, ingawa akiba hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na kinachochelewa sana hutoka kikiwa dhaifu. Mbu wengine hawana ujanja huu: mayai ya Culex, yanayoelea yameshikana kwa fungu, yakikauka hufa upesi, na ya Anopheles nayo hayastahimili ukame kwa muda mrefu.

Sasa swali tamu: yai linajuaje kwamba wakati umefika? Kulowa peke yake hakutoshi. Ukiyazamisha mayai kwenye maji safi yenye oksijeni tele, mengi hukaa kimya. Chakula cha kiluwiluwi ni bakteria na vipande vya uozo, na yai halina mdomo wa kuonja kama vimo. Chukulia unapita uchochoroni Kariakoo, ukuta mrefu, geti limefungwa. Harufu ya pilau ikikufikia, hujaona sufuria wala mpishi, lakini unajua humo ndani kuna moto na kuna cha kula. Yai nalo hutegemea dalili ya namna hiyo, tofauti ni kwamba dalili yake ni kitu kinachopungua. Bakteria wakizidi majini hutumia oksijeni. Oksijeni ikishuka, kwa yai hiyo ndiyo harufu ya pilau, na kiluwiluwi kinapasua ganda. Mvua mpya juu ya vumbi na majani makavu ndani ya tairi hufikia hali hiyo haraka. Kwa kitu kidogo kiasi hicho, ni hesabu nzuri mno.

Wala mayai hayatoi viluwiluwi yote kwa mpigo. Baadhi hupuuza mvua ya kwanza, yakangoja ya pili au ya tatu. Mvua ya kwanza ikimdanganya mbu, bado anabaki na wengine wa kujaribu.

Asili ya Aedes aegypti ni Afrika, na mababu zake walitaga kwenye mashimo ya miti, ambayo kiangazi huyakausha. Sisi tumempa mashimo ya plastiki. Jua la Januari na Februari halimtishi, na masika ya Machi hadi Mei hukuta mayai yako tayari. Milipuko ya 2014 na 2019 ilishika kasi miezi hiyo, na ule wa 2019 ulipita wagonjwa 6,000 nchini, wengi wao wa Dar es Salaam. Lakini mvua si lazima. Penye mgao wa maji, pipa hushuka hadi robo, mbu hutaga pale ukutani, kisha maji yakitoka linajazwa pomoni na mayai yanazama. Mgao unafanya kazi ya mvua bila wingu lolote.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi: homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo. Usijinunulie diklofenaki wala aspirini, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol kwa kipimo sahihi inatosha. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma au damu kwenye fizi, hata kama homa imeshuka, ni hospitali siku hiyohiyo. Na mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana, kwa kuwa mbu anayemuuma siku za homa ndiye atakayempelekea jirani virusi wiki moja au mbili baadaye.

Je, mbu anaweza kutoka kwenye yai akiwa na virusi tayari? Inatokea, lakini kwa nadra, na wataalamu hawajakubaliana kama kiasi hicho kinatosha kuuvusha ugonjwa kutoka msimu hadi msimu.

Dawa inayopulizwa mitaani huua mbu wanaoruka; mayai yaliyobandikwa pipani haiyafanyi kitu. Hayo hutoka kwa brashi. Katika joto letu, kiluwiluwi huwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo sugua kila wiki, kuanzia alama ya juu kabisa maji yalipowahi kufika hadi chini, kisha funika pipa kwa kitu kinachobana. Maji uliyosugulia yana mayai: yamwage kwenye mchanga mkavu, usiyapeleke kwenye maua. Fundi pancha naye ayatoboe matairi yake chakavu au ayafunike kwa turubai, mradi turubai lenyewe livutwe likaze, maana likibonyea katikati limekuwa chombo kingine.