Saa ya mwili ni nini, na moyo unaifuataje?

Saa ya mwili ni mpangilio wa ndani unaobadilisha usingizi, joto la mwili, homoni na shinikizo la damu kwa mzunguko wa takriban saa 24. Msimamizi wake ni fungu la seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, linalopokea habari za mwanga kutoka machoni. Moyo, ini na misuli navyo vina saa zao, na hizo hufuata pia muda wa kula na wa kujishughulisha. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jeni zinazoiendesha. Walizichunguza kwa inzi wadogo wa matunda, si kwa binadamu.

Ukilala usiku, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kuelekea asubuhi homoni ya kotisoli hupanda, mishipa hubana, presha hupaa, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hushikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mishtuko ya moyo huwa mingi zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Kuna watu ambao presha yao haishuki usiku, hasa baadhi ya wenye kisukari, ugonjwa wa figo, au wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini. Moyo wao haupati mapumziko, na kipimo cha mchana kliniki hakiwezi kulionyesha hilo. Huhitajika mashine inayovaliwa saa 24.

Basi mtu aache mazoezi ya asubuhi? La. Tatizo ni kutoka kitandani na kuanza kupanda kwa kasi kilima kama cha Bugarika, Mwanza. Tembea kwanza dakika 10 kwenye tambarare, kisha panda ukiwa unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa mtu wa miaka 50, kadirio la juu la mapigo ni 220 kutoa 50, yaani 170. Kiwango cha mazoezi ya wastani ni kati ya 109 na 129 kwa dakika. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Anayetumia atenololi au propranololi asifuate hesabu hii, kwa sababu dawa hizo hupunguza mapigo. Apime kwa kuongea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa maoni yetu kuzitimiza kuna uzito kuliko kubishania saa.

Mwanza jua huchomoza karibu muda uleule mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa asubuhi ni njia rahisi ya kuiweka saa sawa. Wavuvi wa dagaa ndio wenye kazi ngumu. Wanavua kwa taa usiku wa giza, wanarudi alfajiri, halafu siku za mbalamwezi wengi wanapumzika na kurudia kulala usiku. Saa ya mwili husogea polepole, kama saa moja hivi kwa siku, kwa hiyo kabla haijazoea vizuri ratiba moja, mwezi unang'aa tena. Kazi za usiku za muda mrefu zimehusishwa na magonjwa ya moyo.

Mvuvi huyo asifanye mazoezi akitoka ziwani. Alale chumba chenye giza, mlo mkubwa aule akiamka, na atembee dakika 30 alasiri kabla ya kuingia mtumbwini. Kuvuta nyavu hakutoshi kama mazoezi ya moyo: ni nguvu za ghafla kati ya saa nyingi za kukaa. Na wakati wa kuvuta asibane pumzi, maana kubana hupandisha presha ghafla. Atoe hewa anapovuta.

Kwa anayelala usiku, mazoezi makali yaishe saa moja au zaidi kabla ya kulala. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kusiko kawaida: simama, nenda hospitali mara moja.

Kuhusu vidonge vya presha, utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2022, wenye washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mishtuko ya moyo, kiharusi wala vifo vya mishipa kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Meza saa ambayo hutaisahau, na usibadilishe bila daktari.