Je, wajua kwa nini bustani za burudani zinakuuzia pasi ya mwaka kwa bei inayoonekana chee?

Hebu cheki hesabu hii kwanza. Disneyland ya California, kwa bei zilizotoka Oktoba 2024, tiketi ya mtu mzima ya siku moja ilianzia dola 104 siku za watu wachache mpaka 206 siku za kujaa, halafu papo hapo walikuwa wanauza pasi ya mwaka mzima, ile ya chini kabisa kwa wakazi wa kusini mwa California, kwa dola 599. Yaani ukienda mara sita hivi hela imerudi, na mwaka una siku 365. Sasa kwani hawa jamaa wana huruma na sisi?

Wala. Turudi nyuma kidogo. Disneyland ilipofunguliwa 1955 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja, ila ukishaingia kila bembea unalipia, na baadaye kidogo vikaja vile vitabu vya tiketi vilivyodumu hadi miaka ya 80 mwanzoni. Mwaka 1971 mchumi Walter Oi akaandika makala maarufu sana akijiuliza hilohilo, mwenye bustani amkamue mteja getini au kwenye bembea? Siku hizi jibu unaliona mwenyewe, geti limekuwa ghali na bembea karibu zote ziko ndani ya kiingilio, lakini kuna kitu kimoja bado unalipia kimoja kimoja kama enzi zile: msosi. Na maji, na kofia, na kupaki gari. Pasi ya mwaka inakushushia bei ya geti ili ule upande wa pili uwe unaupitia mara kwa mara. Mtu wa tiketi ya siku moja anabana, anakimbia toka foleni hii hadi ile, mtu wa pasi anakuja jioni "kupunga upepo tu" na anaondoka kala chakula cha usiku cha familia nzima.

Halafu kuna sababu ya pili ambayo watu hawaipendi kuisikia, wengi tunanunua tukidhani tutaenda sana. Watafiti wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walitoa utafiti 2006 kuhusu wanachama wa jimu Marekani waliokuwa wanalipa kwa mwezi zaidi ya dola 70, wakakuta ukigawanya kwa siku walizokwenda kweli kila siku moja iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kununua kadi ya kuingia mara kumi kwa dola 10 kila mara. Ni jimu sio bustani, sawa, ila tabia ni ileile, unalipia yule mtu unayetamani kuwa.

Kwa hiyo hesabu ya kweli usiifanye kwa tiketi ya bei ya juu. Hapa ndipo wengi wanaingia mkenge. Mtu anachukua 599 anagawanya kwa 206 anasema aah mara tatu tu nimemaliza, kumbe zile siku za 206 pasi ya bei ya chini imefungiwa, kwa sababu pasi hizi zina kalenda ya siku ambazo hazitumiki, na kawaida ni sikukuu, likizo za shule na wikendi nyingi. Wewe gawanya kwa bei ya tiketi ya siku ambazo pasi yako inaingia kweli, na siku ambazo wewe mwenyewe una nafasi. Mwenye watoto wa shule anaweza kukuta hizo siku zinahesabika kwa vidole.

Tuje kwenye punguzo la chakula linalokuja na pasi. Asilimia 10 inasikika tamu, lakini ili punguzo la asilimia 10 likurudishie dola 100 inabidi ule chakula cha dola 1,000. Elfu moja! Tena pombe mara nyingi haimo, na vibanda vya njiani mle ndani vingine havimo pia, na inabidi uonyeshe pasi kabla hawajapiga bili la sivyo unalipa kamili na hakuna anayekukumbusha. Punguzo ni hela yako pale tu ambapo ungekula hapo hata bila pasi. Kama umeongeza kitindamlo kwa sababu "kuna ofa", bustani ndiyo imeshinda hapo.

Mimi naona kinacholipa zaidi ni cha kimyakimya. Disneyland unaruhusiwa kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo pombe, ilimradi hakuna chupa za glasi, na kwenye migahawa ya kaunta inayouza soda unaomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure. Bustani nyingine zinakataza kabisa chakula cha nje, kwa hiyo soma masharti kwanza.

Na kupaki. Hapo Disneyland 2024 ilikuwa dola 35 kwa siku, sasa kama pasi ya juu ina maegesho ndani yake hamna haja familia nzima kuwa nayo, gari ni moja, anunue mmoja anayeendesha na wengine wachukue za chini, na huyohuyo ndiye alipe mgahawani kama punguzo lake ni kubwa zaidi. Angalieni tu kalenda zenu zisigongane, isije mwenye gari anaingia na wengine wamekwama getini.

Kwa wanaotoka mbali kuna mchezo wa tarehe. Walt Disney World kule Florida mwaka wa pasi unaanza kuhesabiwa siku unayoianzisha kutumika, sio siku unayoinunua, kwa hiyo ukienda katikati ya Oktoba mwaka huu na mwanzoni mwa Oktoba mwaka ujao, safari mbili zimebebwa na pasi moja.

Neno "haina siku zilizofungwa" nalo lichunguze. Disneyland iliwahi kuuza pasi ya dola 1,399 kwa maneno hayo, ila ilibidi ubuki siku kabla ya kwenda, wenye pasi wakakuta siku nyingine nafasi za kubuki zimeisha ingawa tiketi za kawaida bado zinauzwa, ikafunguliwa kesi kwa niaba yao, na 2023 wakafikia makubaliano ya dola milioni 9.5. Zigawe kwa watu zaidi ya laki moja ndio uone, kila mmoja hata dola 100 hazifiki.

Ukiamua kulipa kwa awamu, wakazi wa California wanaruhusiwa na riba hamna, ila ni mkataba wa mwaka. Ukihama mji mwezi wa nne bado unadaiwa miezi iliyobaki.